Mguu Uliogoma Mbele ya Mashine ya Mtani

Mimi sikusoma. Niliishia darasa la nne, na hata kufika huko ni kwa sababu mwalimu alipenda kuku na mama yangu alikuwa anafuga. Lakini waliosoma wakanipita leo wananiomba lifti. Sisemi hivi kwa majivuno. Nasema kwa kuwa ni kweli, na kama ukweli wenyewe una majivuno ndani yake, hilo si kosa langu.

Mtaji wangu wa kwanza ulikuwa miguu. Wenzangu wakiwa bado wanangoja gari stendi, mimi nimeshafika Maposeni na chumvi kichwani, nimeshaibadilisha kwa mahindi, naanza kurudi. Tumbaku ya Namtumbo nimeisukuma kwa baiskeli isiyo na breki, na kwenye miteremko breki ilikuwa kisigino changu. Ilipokuja miaka ya ruksa, kila mtu akaruhusiwa kuuza anachoweza kubeba, na mimi nilikuwa nimebeba tangu utoto. Nikauza sabuni, nikauza mitumba, nikanunua mashine ya kusaga, halafu pikapu. Watu wakasema nina ndumba. Ndumba yangu ilikuwa kuamka mapema, lakini nani anataka dawa ya namna hiyo?

Sigara nilianza siku nyingi, kabla sijaota ndevu. Tulikuwa tunasokota tumbaku kwenye gazeti, na gazeti likiwa na picha ya kiongozi tunamvuta na yeye. Baadaye nilipopata nikahamia kwenye pakiti. Mtu wa tumbaku asiyevuta ni sawa na mpishi anayekwenda kula kwa jirani.

Pamoja na kuwa na pikapu, jioni nilikuwa narudi nyumbani kwa miguu. Pikapu ni ya mizigo na mimi si mzigo. Tena ukipita ndani ya gari watu wanaona gari. Ukipita kwa miguu umevaa vizuri wanakuona wewe. Kutoka sokoni mpaka kwangu ni mpando, si mkali sana lakini wa kutosha kumfanya mtu wa ofisini afungue shati. Katikati ya mpando huo kuna mashine ya kusaga ya mtani wangu.

Huyu mtani ni mtu wa Njombe, Mbena. Sisi Wangoni na wao babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakakubaliana kutukanana. Mpaka leo mtani anaweza kuingia kwako akala mboga yako na kukwambia mke wako amekosea kuolewa, na wewe unacheka. Kwenye msiba ndiyo usiseme. Mtani ndiye anayeingia kaburini kulala akidai ni pake, ndiye anayemwigiza marehemu alivyokuwa anatembea, na mtu hazikwi mpaka yeye aridhike. Sasa weka juu ya utani huo kwamba sote tunasaga, na mashine yake ipo njiani kwangu. Tulikuwa tunapendana kama paka wawili kwenye gunia moja.

Jioni moja, nilipofika hapo kwake, shavu la mguu wangu wa kulia likakaza. Si kuchoma, si kuwasha. Ni kama mtu ameshika nguo iliyolowa anaikamua, na nguo yenyewe ni nyama yangu. Nikasimama. Mtu mzima kusimama njiani bila sababu haipendezi, hasa mbele ya mashine ya mwenzako, kwa hiyo nikatoa sigara nikawasha. Sigara haijafika nusu, maumivu yameondoka kabisa. Nikaendelea na safari nikijisifu kwamba sigara ni dawa.

Kesho yake palepale. Kesho kutwa palepale. Mlango ule wa bati, ule mti wa mpera, na mguu unagoma kama punda aliyeona nyoka. Nikawa nasimama kila jioni kuvuta.

Mtani akatoka siku moja, unga mpaka kwenye nyusi.

"Mngoni, kila siku unakuja kuvutia sigara mbele ya wateja wangu. Unahesabu magunia?"

"Nasikiliza injini yako," nikamwambia. "Inakohoa."

"Anayekohoa ni wewe. Hebu sogea, moshi wako unaingia kwenye unga wa watu."

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Huyu mwanamke ana akili kunizidi, ila simwambii. Akaacha kuchambua mboga.

"Mahali ni palepale?"

"Palepale. Sivuki ule mpera."

"Na ukisimama inaisha?"

"Inaisha kama haikuwepo."

Akasema, "Baba watoto, ugonjwa hauna adabu hiyo. Ugonjwa unakukuta popote. Hiki kinakungojea mahali. Pale pamefukiwa kitu."

Na wewe msomaji usicheke. Fikiria mwenyewe. Una mguu uliovuka mito ukiwa na gunia juu, na leo unakataa mbele ya nyumba moja tu katika mji mzima wa Songea, na nyumba hiyo ni ya mtu mnayegombea naye wateja. Ungewaza nini? Hata hakimu angewaza hivyohivyo, ila yeye angeandika kwa kizungu. Nikaona wazi kabisa kwamba nimetegwa.

Nikaagiza mganga kutoka upande wa Tunduru, mtu mwenye sifa, aliyekuja na begi la ngozi na miwani isiyo na kioo upande mmoja. Tukachagua Jumapili, wakati mtani akiwa misa ya kwanza. Mganga akazunguka ule mpera akinusa, akaweka kidole chini, akasema hapa. Tukachimba. Udongo wa pale mgumu, na mimi nilikuwa nimevaa viatu vizuri. Mwisho likatoka dude jeusi la chuma lililoliwa na kutu, limeshikana na nywele na mafuta. Mganga akarudi nyuma, akafunika uso.

"Hii ndiyo inayobana," akasema. "Ona ilivyo ya mviringo. Mshipa umefungwa humu."

Wakati huohuo watu wa misa wakawa wanarudi, na mtani mbele yao, kitabu cha nyimbo kwapani. Akatazama shimo, akanitazama mimi, akatazama lile dude mkononi mwa mganga. Akalichukua, akalifuta kwenye suruali ya mganga, si yake.

"Nati ya mashine yangu," akasema. "Nimeitafuta tangu mwaka ule wa njaa. Ahsante, mtani. Na kwa kuwa shimo mmeshachimba, nitapanda mgomba."

Watu wa misa walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mganga hakutetereka, ndiyo maana ana sifa. Akasema nati ni nati kwa macho ya kawaida. Tuliporudi nyumbani akanichanja chale, kwenye shavu la mguu na kwenye ugoko mpaka karibu na kifundo, akasugua unga mweusi, akasema nikiona panawaka basi dawa inafanya kazi. Paliwaka.

Juma lililofuata nilitokea upande mwingine kabisa wa mji, nilikokwenda kumpa pole mtu. Naja zangu kwa miguu, najiambia kwamba leo sipiti kwa mtani, nitatembea kama kijana. Nilipofika mbele ya posta, mguu ukakaza. Nikasimama pale na sigara yangu nikiitazama posta. Serikali inaniroga kwa ajili gani? Kodi nalipa, tena sinung'uniki sana. Nikamweleza mke wangu kwamba mtego umehamia posta.

"Labda wametega sehemu nyingi," akasema, lakini nilimwona hana uhakika tena.

Mimi pia sikuwa na uhakika, ila kwa sababu nyingine. Chale zote zilikuwa zimekauka, isipokuwa moja ya chini, pale ugokoni karibu na kifundo. Hiyo ilikuwa imefunguka. Ilianza kama punje ya mtama, ikawa kama punje ya mahindi, na ndani yake ilikuwa na rangi nisiyoipenda. Unyayo wa mguu ule ulikuwa wa baridi hata jua likiwaka. Mke wangu alikuwa akiukanda kwa tofali la moto lililofungwa kitambaa, na mimi joto nililihisi kwa mbali, kama habari za ndugu aliyehamia mkoa mwingine.

Mtani alikuja na kibuyu cha ulanzi. Alikaa, akanywa wa kwake, akanywa na wa kwangu, halafu akasema, "Fungua nione."

Nikafungua. Hakucheka. Alitazama muda mrefu kuliko mtu wa utani anavyopaswa kutazama.

"Mtani," akasema, "huu mguu ukikatwa, wa kuuzika ni mimi. Hiyo ni haki yangu, usije ukampa mtu mwingine. Na sitauzika mpaka nilishwe. Mguu wa tajiri hauzikwi kwa chai."

"Haukatwi huu."

"Mjomba wangu naye alisema hivyo. Alikuwa anasimamasimama njiani kama wewe, anasema anapumzisha mbwa, na mbwa mwenyewe hana. Tulizika mguu kwanza, yeye tukamzika baadaye. Nenda misheni. Nenda kesho, na yule mwenye miwani ya jicho moja usiende naye."

Akaondoka na kibuyu chake. Mimi ninayeandika haya nimeshawahi kukabwa na majambazi nikawauzia mitumba, lakini ule usiku niliogopa.

Hospitali ya misheni nilipokelewa na daktari wa kike ambaye umri wake ni kama wa binti yangu wa kwanza. Akanipa shikamoo, nikaitika marahaba, nikadhani heshima hiyo itaendelea. Haikuendelea. Aliniweka kitandani, akabonyeza juu ya unyayo, akabonyeza nyuma ya kifundo, akahamia mguu wa pili, akarudi. Alifunga ule mpira wa kupimia presha mkononi, halafu akaufunga mguuni, jambo ambalo sijawahi kuliona.

"Mzee, unavuta?"

"Kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Nikiwa macho tu."

Akaandika. Akaniuliza maumivu yanakuja lini, nikamweleza yote, mpaka mpera na posta. Nati sikumweleza. Akaniuliza kama napanda mpando mmoja kutoka mahali pamoja kila siku. Nikasema ndiyo, kutoka sokoni.

"Na siku ya posta ulitokea wapi? Ulikuwa umetembea mwendo gani?"

Nikafikiri. Nikapiga hesabu kichwani, maana hesabu ndiyo niliyotoka nayo darasa la nne. Ulikuwa karibu mwendo uleule, kama wa kutoka sokoni mpaka kwa mtani. Nikajisikia kama mtu aliyeibiwa kwa mizani yake mwenyewe.

"Basi hakuna anayekutega," akasema. "Mshipa unaopeleka damu mguuni umejaa uchafu ndani, mafuta yameganda pembeni, njia imekuwa nyembamba. Ukiwa umekaa, damu inayopita inatosha. Ukitembea, nyama inataka damu nyingi, na njia haipitishi. Nyama inalia. Ukisimama, inatosheka. Kwa hiyo unafika umbali uleule, inalia palepale."

Hilo nilielewa haraka kuliko alivyotegemea. Mimi ni mtu wa dizeli. Bomba la mafuta likiziba nusu, injini inanguruma vizuri ikiwa haina kazi. Mwaga mahindi, inazima. Nikamwambia hivyo. Akasema ndivyo. Nikamuuliza basi si mlifungue mlisafishe. Akasema huko Dar wapo wanaoweza kuunganisha njia nyingine, lakini sijafikia hatua hiyo, na waganga wa kuchanja wamenisogeza karibu nayo kuliko ugonjwa wenyewe.

"Mguu usio na damu ya kutosha hauchanjwi. Kidonda kinaponywa na damu. Wewe umetoboa ukuta wa nyumba isiyo na fundi. Na tofali la moto, acha. Utaungua na hutajua."

"Na dawa?"

"Kidonge cha aspirini, kidogo, kila siku. Presha yako ipo juu, utapewa ya presha. Sukari tumepima, huna, shukuru. Kidonda kisafishwe hapa. Sigara unaacha leo. Hupunguzi, unaacha. Ndizo zilizouziba mshipa."

"Na nini tena?"

"Utembee."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwambia, mwanangu, ndicho kinachouma.

"Kidonda kikishaonyesha kufunga, utembee kila siku mpaka maumivu yaje. Yakija, simama. Yakiisha, tembea tena. Mwili ukilazimishwa utatafuta vichochoro vya kupitishia damu. Ukikaa kwenye gari lako, hautatafuta." Akafunga bandeji. "Kidonda hiki ndicho kitakachoamua. Kikifunga, mguu ni wako. Kikiendelea kula kwenda juu, tutazungumza maneno mengine."

Kuacha sigara sitaki kuandika sana. Nilitafuna mihogo mibichi kama panya. Nilimgombeza mke wangu, watoto, redio, na jogoo. Nilimkuta fundi wangu mashineni anavuta nikamfukuza kazi, mchana nikamrudisha kwa sababu nilitaka nisimame upande moshi unakoelekea. Lakini nikikwambia mimi nikiamua nimeamua, amini. Tumbaku iliyonipa mtaji ilikuwa inachukua mguu, na mimi sijawahi kumwachia mtu mali yangu kirahisi.

Kidonda kwa majuma mengi hakikusema kitu. Kila nilipofunguliwa bandeji, daktari alikipima kwa kipande cha karatasi, na mimi nilitazama uso wake, si karatasi. Mtani naye alikuwa anakuja kuuliza.

"Kinaendeleaje? Nimeshapata mahali pa kuuzikia, kivulini."

"Utangoja."

"Sina haraka. Ila nijulishe mapema, ndugu zangu wanatoka mbali."

Halafu siku moja daktari akasema pembezoni kuna nyama mpya, nyekundu. Akaniruhusu nianze mwendo.

Hapo likaja tatizo jipya. Zamani nikisimama nilikuwa na sigara. Sasa nasimama na nini? Nikaona njia ni salamu. Mguu ukikaza, namtafuta aliye karibu. Bibi anayeuza vitumbua, shikamoo mama, nyumbani wazima, mahindi yameshika vipi, yule mjukuu bado anakohoa? Nikifika kwenye mjukuu, maumivu yameisha, naaga. Mbele kidogo mzee anafuma ungo, shikamoo mzee, na mgongo je. Watu ambao nilikuwa nawapita kama nguzo za umeme miaka yote, nikawajua mpaka majina ya mbuzi wao.

Songea ni mji. Mtu kama mimi akianza kutembea kwa miguu hata asubuhi, si jioni tu, gari limekaa nyumbani, wa kwanza wanasema amefilisika. Wa pili wanasema hapana, mbona anasalimia hivyo? Vyama vingi vilikuwa vimeingia, uchaguzi upo njiani. Wakaunganisha. Wakaja wajumbe wa chama kimoja nyumbani kwangu, wakaja wa kingine, kila mmoja ananiambia amesikia nataka udiwani na wangependa nisimame kwao. Nikawaambia kusimama ndiko ninakoendelea nako. Hawakuelewa, wakanywa soda wakaenda. Yule bibi wa vitumbua alinihakikishia kura yake na ya mjukuu, ambaye ana miaka minane.

Nakiri nilifikiria. Ningeshinda, hilo halina ubishi. Lakini nilikuwa na jambo moja tu kichwani, na lilikuwa na ukubwa wa punje ya mahindi, na lilikuwa linapungua.

Mahindi yalipokuwa yanavunwa, daktari alifungua bandeji hakufunga nyingine. Palikuwa na ngozi nyembamba, inang'aa, kama ya mtoto mchanga. Akapitisha kidole juu yake. Akabonyeza unyayo.

"Ni wako," akasema. "Lakini mshipa haujapona, mzee, usijidanganye. Umekubaliana na wewe tu. Siku ukivuta, makubaliano yanavunjika. Na viatu vipya usivae bila kuangalia ndani kama pana jiwe."

Nikamwambia ahsante, mwanangu, na nikamwuliza kama ameolewa, kwa sababu nina mtoto wa kiume. Akaniambia nikatembee.

Nilishuka kwenye gari stendi, pale jirani na soko, nikaanza kupanda. Nilimpita mtani, mguu kimya. Alikuwa mlangoni, nikapandisha suruali nikamwonyesha ugoko mbele ya wateja wake wote. Akatikisa kichwa, akasema ndugu zake watasikitika, walikuwa wameshaahidiwa nyama. Halafu akageuka ndani haraka, na mimi sikumfuata kumwangalia macho, kwa sababu utani nao una mipaka.

Maumivu yalikuja mbele zaidi, karibu na bomba la maji ambako wanawake walikuwa wamepanga ndoo. Nikasimama. Nilitaka kuanza, shikamoo mama, habari za mahindi. Nikaona sina haja. Mama mmoja akanitazama akaniuliza, "Baba, una shida?"

"Mguu unauma," nikamwambia. "Nasubiri damu ifike."

Akaitikia kama mtu aliyeambiwa nasubiri gari, akaendelea kujaza ndoo yake. Nikasimama pale katikati ya njia, mikono mifukoni, mpaka ikafika.